Nani Ameona Chini ya Maji? Historia Fupi kwa Wanaotaka Kuuza Boti kwa Intaneti



Kuna vijana wawili wa informatika katika shirika letu wanaojenga tovuti ya kuuza boti. Siyo boti za starehe za matajiri wa Ulaya, hapana. Ni zile za kwetu: boti za mbao za Uvira, Baraka na Kalemie, zile za injini zinazovuka kati ya Bukavu, Idjwi na Goma, na vyombo vya wavuvi wa sambaza. Wazo lao ni zuri. Leo mtu akitafuta boti anapita kwa shemeji, shemeji anapita kwa komisioneri, komisioneri anapita kwa komisioneri mwenzake, na kila mdomo unaongeza kitu juu ya bei.

Walinionyesha mchoro wao ku telefone: picha kubwa, bei kwa dola, na kitufe cha kijani cha kumpigia mwenye boti. Kisha wakaniuliza: "Yaya, wewe ulisoma historia. Unaona hii itakuwa rahisi kwa mutu wa kawaida?"

Ninajibu hapa ili wote tusome, juu swali lao ni la zamani kuliko wanavyofikiri. Watu walikuwa wakiuza vyombo kwa wanunuzi wa mbali miaka mingi kabla ya kompyuta. Na katika miaka hiyo yote kuna ulizo moja ambalo halikuondoka: nani ameona chini ya maji? Nyumba unaweza kuizunguka. Gari unaweza kufungua boneti na kusikiliza injini. Lakini boti, ile sehemu inayoamua kama utafika ama hautafika, iko chini ya maji. Rangi ya juu inaweza kuwa mpya, mbao za chini zimeshaoza.

Kwa hiyo ninasema hivi tangu mwanzo: tovuti ya boti si rahisi kwa sababu inakufikisha haraka ku bei. Ni rahisi kama inakufikisha haraka ku ubaya wa chombo. Historia itanisaidia kuonyesha sababu.

1. Meli iliyokuja Kongo ndani ya vifurushi

Tuanzie nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, wamisionari Wabatisti wa Uingereza walitaka meli ya mvuke kwa ajili ya mto Kongo. Tajiri mmoja wa mji wa Leeds, Robert Arthington, akatoa pesa. Kazi ikapewa kampuni ya Thornycroft huko Chiswick, kando ya mto Thames. Kwa upande wa mnunuzi, mtu wa kufuatilia alikuwa mmisionari George Grenfell, na meli ikaitwa Peace.

Sasa jiweke mahali pa fundi wa Chiswick. Una mteja atakayeitumia meli mahali ambapo wewe hautafika hata siku moja. Atakuuliza nini? Hatauliza rangi. Anajua kwamba kati ya Matadi na Malebo mto umejaa maporomoko, chombo hakipiti. Kwa hiyo ulizo la kwanza ni hili: meli hii inaweza kufunguliwa vipande ambavyo mtu mmoja anaweza kubeba ku kichwa? La pili: ikiwa na mzigo inazama kiasi gani majini, maana juu ya Malebo kuna mafungu ya mchanga? La tatu: inaweza kuunganishwa tena mahali pasipo na karakana?

Peace ilijengwa kujibu maulizo hayo. Ilijaribiwa Uingereza, ikafunguliwa, ikafungwa katika vifurushi karibu 800, kila kimoja kilo 30 hivi, mzigo wa mpagazi mmoja. Watu wa nchi hii ndio walioibeba kupita milima ya Bas-Congo, na majina yao hatuyaoni ku plaketi yoyote. Mafundi waliotumwa kutoka Uingereza kuja kuiunganisha walikufa kwa ugonjwa. Grenfell akaiunganisha mwenyewe pamoja na wafanyakazi Waafrika, na mwezi wa Juni 1884 meli ikaingia majini.

Kwa nini ninaleta habari hii? Juu inaonyesha mambo yapi yanatangulia. Mnunuzi wa boti anatoka ku kazi yake na ku njia yake: atabeba nini, atapita wapi, nani atatengeneza ikiharibika. Hapo ndipo ukurasa unapaswa kuanza. Mtu wa Idjwi anayebeba ndizi na magunia ya muhogo kila siku ya soko haanzi na "marka gani?" Anaanza na "inabeba tani ngapi, na mawimbi ya saa kumi inayaweza?" Ukimpa kwanza orodha ya marka, umemfanya atafute jibu lake ndani ya maulizo ya mtu mwingine.

2. Herufi tano za London

Kutoka Kongo turudi nyuma kidogo, London, mahali ambapo ulizo la "nani ameona" lilipata jibu la kwanza lililoandikwa.

Katika miaka ya 1680, mtu aitwaye Edward Lloyd alifungua nyumba ya kahawa. Manahodha, wenye meli na watu wa bima walikuwa wanakusanyika pale. Wenye bima walikuwa na shida ileile ya mnunuzi: wanaombwa kuweka pesa zao juu ya meli ambayo iko mbali, ama iko bandarini lakini tumbo lake halionekani. Mwaka 1760 wateja wa kahawa ile wakaunda chama, na kitabu chao cha kwanza cha meli tulichobaki nacho ni cha mwaka 1764.

Munisikilize vizuri hapa, watu wa informatika, maana hiki kitabu ni babu wa tovuti yenu. Hali ya mwili wa meli waliiandika kwa herufi moja tu: A, E, I, O, U. A ni nzuri kabisa, U ni mbaya kabisa. Vifaa vyake, nanga, kamba, matanga, waliviandika kwa herufi nyingine: G, M ama B, yaani nzuri, ya kati, mbaya. Baadaye namba zikaingia mahali pa herufi za vifaa, na kuanzia miaka ya 1770 tunaona alama ya A1 kwa chombo cha daraja la kwanza.

Angalia busara iliyomo. Kwanza, walitenganisha mwili na vifaa. Meli inaweza kuwa na mbao nzuri na kamba zilizooza, ama kamba mpya juu ya mbao zilizooza. Ukitoa noti moja kwa yote, umeficha moja ndani ya nyingine. Kwetu ni vilevile: boti na injini ni vitu viwili. Watu wengi wanauziwa injini nzuri juu ya boti mbaya. Pili, alama ilikuwa fupi, mtu anaisoma kwa sekunde moja akiwa amesimama na kikombe mkononi. Tatu, na hili ndilo kubwa, U ilikuwemo. Walikubali kuandika "mbaya" ndani ya kitabu. Kitabu ambacho kila meli ni nzuri kisingekuwa na faida kwa mtu yeyote.

3. Vitabu viwili, ukweli mmoja umepotea

Lakini urahisi wa alama hautoshi. Mwishoni mwa karne ya 18 wenye bima walibadilisha namna ya kutoa madaraja. Wakaanza kuangalia zaidi umri wa meli na mahali ilipojengwa, na meli zilizojengwa ku mto Thames zikapendelewa. Wenye meli wakakasirika: meli yangu ni nzima, kwa nini inashushwa kwa sababu tu haikuzaliwa London? Mwaka 1799 wakatoa kitabu chao wenyewe. Cha wenye bima kiliitwa Kitabu cha Kijani, cha wenye meli kikaitwa Kitabu Chekundu.

Miaka zaidi ya 30 vitabu hivi viwili vilishindana. Meli ileile ilikuwa na sura mbili, kutegemea unafungua kitabu gani. Pande zote zikaishiwa pesa, na mwaka 1834 wakaungana tena, wakakubaliana kanuni za pamoja na wakaguzi wa pamoja. Kabla ya hapo, mwaka 1828, huko Antwerp watu wa bima walikuwa wameunda ofisi yao ya kutoa habari za meli. Ndiyo ile tunayoijua leo kwa jina la Bureau Veritas, ambayo baadaye ilihamia Paris.

Fundisho liko wazi. Kila upande ulipoandika sifa kwa faida yake, mnunuzi akabaki bila kitu cha kushika. Na sisi tunalijua hili bila kwenda London. Komisioneri analipwa boti ikiuzwa. Kama hakuuza, anarudi nyumbani mikono mitupu. Simlaumu, ni kazi yake na ana watoto wa kulisha. Lakini huyo hawezi kuwa macho yangu chini ya maji. Yule anayekagua lazima alipwe sawasawa boti ikiuzwa ama isiuzwe. Tovuti ikichanganya kazi hizi mbili, hata ikiwa nzuri namna gani, itakuwa Kitabu Chekundu ndani ya simu.

4. Mstari uliochorwa na mwenye mali

Kuna mtu mwingine lazima tumtaje: Samuel Plimsoll, mbunge wa Derby. Katika miaka ya 1870 alipiga kelele juu ya meli zilizoitwa majeneza: meli zilizochoka, zimejazwa kupita kiasi, zina bima kubwa, zikizama tajiri hapotezi kitu na mabaharia wanakufa. Mwaka 1873 alitoa kitabu juu ya mambo hayo, na nchi nzima ikasikia. Mwaka 1876 sheria ikapita: kila meli ichorwe alama ubavuni kuonyesha mwisho wa mzigo. Maji yakifika pale, basi, usiongeze gunia.

Ushindi? Nusu tu. Sheria ile ilimwachia mwenye meli achague mwenyewe mahali pa kuchora alama! Ilikuwa lazima kuwa na mstari, lakini haikuwa lazima mstari useme ukweli. Ilibidi kungoja sheria ya mwaka 1890 ili mahali pa mstari pawekwe kwa kanuni, siyo kwa mapenzi ya tajiri. Miaka 14 meli zilitembea na alama ya usalama iliyoweza kuwa uongo wenye rangi nyeupe.

Bandugu, hii njo hatari kubwa ya tovuti yoyote. Siku hizi kila ukurasa una kialama: "imethibitishwa", "muuzaji wa kuaminika", nyota tano. Ulizeni kila mara: nani aliichora? Kama muuzaji anajaza fomu, anaandika "inabeba watu 100", halafu tovuti inaonyesha namba hiyo kwa herufi nzito na rangi ya kijani, tovuti imegeuza neno la mtu mmoja kuwa kama sheria. Mchoro mzuri umeupa uongo nguo ya Jumapili. Afadhali kuandika wazi: "Mwenye boti anasema: watu 100. Mkaguzi: bado hajaiona." Maneno hayo siyo mapambo, yanaweza kuokoa roho.

5. Intaneti ilipoingia

Tim Berners-Lee aliandika pendekezo lake huko CERN, Uswisi, mwaka 1989, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatangaza kwamba teknolojia ya wavuti ni ya watu wote bila malipo. Miaka miwili baadaye biashara ilikuwa imeshaingia. Mwaka huo wa 1995 ulizaliwa mnada wa Pierre Omidyar, ambao leo unaitwa eBay. Mwaka huohuo ikazaliwa YachtWorld, moja ya tovuti za kwanza kubwa za boti, ambapo mtu anachuja kwa urefu, mwaka, bei na mahali chombo kilipo.

Kitu cha kwanza kuuzwa ku mnada wa Omidyar kilikuwa kitaa cha leza kilichovunjika. Kilikwenda kwa dola 14.83. Omidyar alimwandikia mnunuzi: unaelewa kwamba kimevunjika? Jamaa akajibu kwamba anakusanya vilivyovunjika. Watu wanacheka habari hii, mimi ninaona ina uzito. Biashara ile kubwa ilifunguliwa na kitu kibovu ambacho ubovu wake ulisemwa wazi. Na mara moja Omidyar akaelewa kwamba wasiojuana wanahitaji mahali pa kuambiana ukweli: mwaka 1996 akaongeza sehemu ambapo mnunuzi na muuzaji wanaandikiana sifa na lawama, na wengine wanasoma.

Mwanauchumi George Akerlof alishaeleza sababu yake tangu mwaka 1970, na akapata tuzo ya Nobel mwaka 2001. Alichukua mfano wa magari yaliyotumika. Kama mnunuzi hawezi kutofautisha zuri na baya, atalipa bei ya katikati tu. Mwenye gari zuri ataona bei hiyo haitoshi, ataondoka sokoni. Yanabaki mabaya. Bei inashuka tena, wanaondoka wengine. Mwisho soko linajaa takataka, ama linakufa. Weka "boti" mahali pa "gari", na utaelewa kwa nini kuficha ubaya kunamwumiza kwanza yule fundi wa Uvira anayejenga vizuri. Yeye anatumia mbao nzuri na misumari ya kutosha, halafu ku picha boti yake inafanana na ya yule aliyeiba kazi.

Upande wa pili wa somo ulitoka London, Novemba 1999, ilipofunguliwa Boo.com, tovuti ya kuuza nguo. Ilikuwa na picha za kuzungusha na msichana wa kuchorwa anayekushauri nguo. Lakini wakati ule nyumba nyingi zilitumia modemu ya laini ya simu, na kurasa zikachukua muda mrefu mno kufunguka. Mwezi wa Mei 2000 kampuni ikaanguka, imekula karibu dola milioni 135. Walichora tovuti kwa ajili ya macho yao wenyewe na intaneti ya ofisi yao, siyo ya mteja.

Kwetu huku mtu ananunua mega za leo, anazihesabu, na reseau inakuja na kwenda. Ukurasa wenye video inayojicheza peke yake unamla mteja pesa kabla hajaona boti. Chora kwa ajili ya simu ndogo, skrini yenye ufa, jua la saa sita ku bandari, vidole vyenye maji.

6. Basi, tuchore nini?

Sasa ninarudi kwa wale vijana wetu. Nikikusanya Grenfell, Lloyd, Plimsoll, Omidyar na Boo.com, ninaona ukurasa wa boti moja unakuwa hivi.

Juu kabisa: kazi na njia. "Boti ya mizigo, Uvira hadi Kalemie." "Ya kuvua usiku, Kivu." Kisha bei, kisha namba tatu ambazo kila mtu ziwani anaziuliza: urefu, mzigo, mwaka ilipojengwa. Maneno yawe ya bandarini. Jakob Nielsen, mtaalamu wa mambo haya, katika kanuni zake 10 za mwaka 1994 aliweka hii: mfumo uongee lugha ya mtumiaji. Kwa hiyo andika magunia, siyo meta kibiki. Andika "injini ya farasi 40", siyo kodi ya kiwandani ambayo hata fundi hajui.

Chini yake: mbao na injini, kila kimoja na noti yake, kama herufi za Lloyd. Na noti mbaya iwepo, iwe na rangi yake, isifichwe nyuma ya kitufe cha "soma zaidi".

Kisha picha, chache na nyepesi, lakini za lazima: boti imevutwa nchi kavu, tumbo lake linaonekana, sehemu ya nyuma mahali injini inapofungwa, ndani, mahali maji yanapokusanyika. Kama picha ya tumbo haipo, nafasi yake ibaki wazi na iandikwe: "Haijaonyeshwa." Nafasi tupu nayo inasema kitu.

Kisha maisha ya boti: nani aliijenga, imeuzwa mara ngapi, ilizama ama iligonga wapi, ilitengenezwa na nani. Watu wanaogopa sehemu hii, wanadhani itafukuza wateja. Ninawakumbusha Liemba ya Tanganyika. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa katika masanduku karibu 5,000 hadi Kigoma, ikaingia majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isichukuliwe na adui, lakini kwanza mafundi wao walipaka injini mafuta mazito. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakakuta bado inafaa, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina jipya. Ikabeba watu wa ziwa letu, Wakongomani pia, kwa makumi ya miaka, hata wakimbizi wa vita vyetu. Meli iliyozama miaka nane! Kuzama hakukuimaliza, juu kila mtu alijua ilizama vipi na iliinuliwa vipi. Kinachoua ni kuzama kunakofichwa chini ya rangi mpya.

Mwisho wa ukurasa ndipo kitufe cha kupiga simu. Na kabla ya kulipa, tovuti iseme maneno mawili ya adabu: usitume pesa zote kwa M-Pesa kwa mtu ambaye haujamwona na boti ambayo haujaipanda. Tovuti inayomtuma mteja wake aende bandarini na fundi wake mwenyewe haijashindwa kazi. Imeifanya.

7. "Lakini nani atakubali kuandika ubaya wake?"

Hilo ndilo walilonijibu vijana, na wana haki. London, mwenye meli alikubali ukaguzi kwa sababu bila daraja bima ilimwia ngumu. Kwetu, boti nyingi za mbao hazina nyuma yake kampuni ya bima ya kutuma mkaguzi. Nguvu ile hatuna.

Lakini tuko na nguvu nyingine. Kila bandari ina mafundi wawili ama watatu ambao watu wote wanawaamini, wazee waliojenga boti tangu ujana. Jina la mzee kama huyo, likiwekwa chini ya ukaguzi kwa ruhusa yake, lina uzito kuliko nyota elfu. Mzee haweki jina lake juu ya mbao zilizooza, maana jioni atakutana na mwenye kununua ku njia ya soko. Alipwe ada yake ya ukaguzi, ileile kwa boti nzuri na mbaya. Na boti zilizokaguliwa zionekane mbele, zile zisizokaguliwa nyuma. Muuzaji mwema ataona haraka faida yake, na mwingine atafuata kwa aibu ama kwa njaa. Ndivyo Akerlof anavyopinduliwa.

Ninasisitiza juu hatuongei mchezo. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama ku Ziwa Kivu mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wakiona kwa macho yao kutoka ukingoni. Makumi na makumi ya ndugu zetu walikufa pale. Vita vilikuwa vimekata barabara, na chombo kilikuwa kimejaa kupita kiasi. Hakuna tovuti ingefungua ile barabara, na sisemi kwamba telefone itachukua kazi ya serikali ku bandari. Lakini kila boti inayobeba watu wetu, siku moja iliuzwa. Kuna mtu aliuliza "inabeba wangapi?" na kuna mtu alimjibu. Pale, katika lile jibu, ndipo mwanafunzi wa informatika anaweza kuweka mkono wake.

Kwa hiyo, wadogo zangu, jibu langu juu ya mchoro wenu ni hili. Picha ni nzuri, kitufe cha kijani kibaki. Lakini kabla hamujaendelea na rangi, chukueni fomu ya muuzaji na muandike sanduku la kwanza kabisa, lile asiloweza kuruka: "Boti yako iko na shida gani, na nani mwingine ameiona?" Kisha mushuke bandarini, mukae na wale wazee, muwaulize ni maneno gani wao wanatumia kwa kila shida. Hayo maneno yao ndiyo yatakuwa menyu yenu.